Matanga ya Jumba la Mihamani

Watu wanaoandika habari za majengo hunichosha. Wataanza na mwaka, watakupa urefu na upana, watakutajia aliyeweka jiwe la msingi na kofia aliyovaa siku hiyo, na ukifika mwisho hujui hata jengo lenyewe lilinuka nini. Jumba la Mihamani lilinuka moshi wa kuni na vitunguu vilivyoungua kidogo, na harufu hiyo ilitoka kwa mtu mmoja, Anton Mkude, mpishi wa chuo. Kwa hiyo siwezi kusimulia jumba bila kumsimulia yeye. Yeye mwenyewe angefurahi kusikia hivyo, maana kwa kupenda kusemwa hakuwa na mwenzake Tabora nzima.

Mimi ni Josepha, wa Usoke, na nilisomea ualimu pale Mihamani, nje kidogo ya mji, miaka ile mara tu baada ya Azimio la Arusha. Nimefundisha watoto wa watu mpaka sauti imekauka, na sasa nimestaafu, nina muda wa kukasirikia waandishi wa majengo.

Anton alikuwa Mluguru wa Mgeta. Alikuja Tabora kwa treni wakati wa vita kuu ya pili, akimfuata padri mmoja aliyempikia kule Morogoro. Alivyosimulia, hakuwa amekanyaga stesheni vizuri mchukuzi mmoja akaunyakua mzigo wake begani na kuondoka nao. Anton akapiga kelele za mwizi. Mchukuzi akasimama, akamuuliza kwa upole, "Wewe kabila gani?"

"Mluguru!"

"Basi huu mzigo wangu. Unapiga kelele za nini kwa mtani wako?"

Ilibidi aukomboe kwa machungwa aliyokuwa amemletea padri. Padri hakupata hata moja, na Anton tangu siku hiyo akawa mtu wa Tabora.

Labda vijana wa leo hamjui, mnadhani utani ni maneno ya kuchekesha tu. Babu zetu Wanyamwezi walipita Uluguru na mizigo ya pembe wakielekea Pwani. Walipigana na wenyeji, wakachoka kupigana, wakapatana wawe watani. Toka hapo Mluguru na Mnyamwezi wanatukanana bila kukasirika na wananyang'anyana vitu bila kushtakiana. Lakini utani ulikuwa na kazi nzito vilevile. Mpagazi akifia njiani, mbali na ndugu zake, mtani ndiye aliyemzika. Na msibani mtani ana haki yake mpaka leo: ataigiza marehemu alivyotembea na alivyoongea, ataziba mlango maiti isitoke, na hakuna wa kumwondoa mpaka wafiwa wampe kitu akaridhika.

Sasa jumba. Ukitoka barabara ya mjini ulikutana kwanza na ukuta wake, ukuta wa udongo mnene kiasi kwamba paka wa jikoni alijinyoosha dirishani mzima mzima, mkia ukabaki na nafasi. Huo ulikuwa ukuta wa tembe aliyoijenga mfanyabiashara mmoja wa Pwani zama za misafara, alipokuwa akinunua pembe na kununua watu. Nyumba ilikuwa ya mraba, ua katikati, vyumba vyote vimeupa ulimwengu mgongo na kutazama uani, na lango moja tu la kuingilia na kutokea. Mlango wa lango ulikuwa wa nakshi, umebebwa na wapagazi kutoka Pwani ubao mmoja mmoja. Karibu nao palikuwa na chumba kisicho na dirisha. Sisi tuliweka majembe humo. Wote tulijua kilijengwa kwa ajili ya kufungia nani, na sikumbuki mwanachuo aliyependa kwenda kuchukua jembe peke yake.

Wajerumani walipolichukua waliona paa la udongo linavuja, wakaweka vigae, wakasimamisha mnara wa kengele wa mawe kwenye kona, na wakajenga jiko lenye dohani la matofali la kutolea moshi. Anton alilipenda dohani lile kuliko mnara. Waingereza nao waliligeuza shule, wakaongeza veranda ya matao upande wa mashariki ili, alivyosema Anton, wapate mahali pa kunywa chai bila kuonana na jua. Ulipokuja uhuru likawa chuo cha ualimu. Mzee Laxmidas, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alijitolea rangi ya kijani kusherehekea, watu wakapaka kwa furaha na kwa mkono mzito, na rangi ikaishia kwenye kona ya mnara. Kwa hiyo jumba mbele lilikuwa la kijani, nyuma likabaki na chokaa ya Waingereza. Kila mgeni aliuliza kwa nini, na Anton alimjibu kwamba uhuru ndivyo ulivyo, unaanzia mbele.

Hakuna aliyempa kazi ya kutembeza wageni, alijipa mwenyewe. Alitoka jikoni na aproni yake na tumbo lake, mwiko mkononi kama fimbo ya chifu, na kila mgeni alipata historia inayomfaa. Akija Mjerumani, Wajerumani ndio walijenga karibu kila kitu. Akija shehe kutoka mjini, misingi yote ilikuwa ya mfanyabiashara wa Pwani, tena mcha Mungu. Sisi Wanyamwezi alituambia kwamba babu zetu walifika pale wamechoka, wakaweka mizigo chini, na jumba likaota lenyewe juu ya mizigo. Nusu ya maneno yake ilikuwa uongo mtupu. Nusu nyingine nimeifundisha darasani miaka yote, na sijutii.

Alikuwa ameoa mara moja, mwanamke wa Usoke kwetu, Eustadia. Walikaa miaka kadhaa, hawakujaliwa mtoto, kisha Eustadia akarudi kwao kulima tumbaku, akisema ameolewa na jiko na jiko halirudi nyumbani usiku. Hawakugombana. Kila mavuno alimpelekea Anton mtama, naye Anton akamrudishia salamu za matusi. Yeye aliendelea kulala kwenye chumba kidogo kilichopakana na dohani, ambako ukuta ulikuwa na joto hata mwezi wa saba, na hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwake.

Mwaka sitini na nane tuliletewa mkuu mpya wa chuo, Mwalimu Sylvester Kashindye, Mnyamwezi wa Usinge. Alikuwa mrefu, mwenye suti ya kijivu na kofia, mtu wa heshima hata alipopiga chafya. Tulipanga mstari chini ya matao kumpokea. Tukiwa tunasema "Shikamoo Mwalimu" kwa sauti moja, Anton akatoka jikoni, akaenda moja kwa moja kwa mkuu, akamvua kofia akaivaa yeye.

"Mpagazi na kofia nzuri namna hii," akasema, "umemwibia nani?"

Mkuu alimtazama toka juu hadi chini.

"Wewe kabila gani?"

"Mluguru wa Mgeta."

"Ndiyo maana umesimama upande. Mguu wa kulimia mlimani haujarefuka bado?"

Kofia ilikombolewa kwa jogoo, na toka hapo hapakuwa na asubuhi isiyoanza na matusi. Mkuu alipita jikoni akamwita mla ndizi. Anton akamjibu kwamba kwao Usinge mtoto huzaliwa na ngata kichwani, tayari kwa mzigo. Ukisikia vicheko viwili vinapanda kwenye dohani ulijua mkuu amekwisha kunywa chai yake. Sijawahi kuona marafiki wanaopendana vile na wasiowahi kuambiana kitu chochote.

Miezi ikapita. Siku moja kwenye gwaride la asubuhi, mkuu akatutangazia kwamba chuo kitajenga bwalo jipya, kubwa, lenye jiko la kisasa. Saruji ilikuwa ya shida nchi nzima. Kwa hiyo bodi ya chuo ilikubali jumba la zamani livunjwe, mawe, vigae na boriti zake vitumike kujenga bwalo. Kisha akaacha karatasi yake, akasema jambo lililotoka moyoni.

"Babu yangu mzaa baba alibeba jino la ndovu kutoka kwenye lango hili mpaka Bagamoyo. Alirudi na kovu begani ambalo nililishika kwa mkono wangu huu nikiwa mtoto. Jumba hili lilijengwa kwa mabega ya watu. Sitaki vijana wa nchi huru wajifunze ualimu ndani yake. Mawe yake yataanza kazi mpya."

Tulipiga makofi, mimi nikiwa wa kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na nilipenda sana kuvunja vitu. Mkuu akanyoosha mkono kuelekea dirisha la jikoni, akaongeza kwa tabasamu, "Na Mzee Anton wetu, ambaye ametumika muda mrefu kiasi hiki, atapata haki zake zote za kustaafu na tiketi ya treni mpaka Morogoro. Naye akapumzike kwao."

Wema mtupu. Dirishani Anton alikuwa amesimama na mwiko, na tulingoja tusi. Halikuja.

Zamu ya jikoni siku hiyo ilikuwa yangu. Nilimkuta ameketi juu ya gunia la maharage, ameupa ukuta wa dohani mgongo. Nilidhani anaumwa.

"Kwao," akasema. "Umesikia, Josepha? Akapumzike kwao."

"Si ni Mgeta, Mzee Anton?"

"Mgeta nilikwenda likizo mwaka juzi. Dada yangu alikwisha kufa. Watoto wake walinikaribisha vizuri, wakanipa kigoda, wakaniuliza mimi ni mgeni wa nani." Alijaribu kucheka. "Nikawaambia ni mgeni wa treni. Nikarudi wiki ileile. Mwanangu, mimi nina chumba kimoja duniani, na ni hiki hapa nyuma yangu. Wakikivunja sijui nikae wapi, na sijui nitazikwa na nani. Naogopa."

Sikuwahi kumsikia akitumia neno hilo. Nikamwambia amweleze mkuu hivyohivyo, mkuu ni mtu mwema.

"Nimweleze vipi? Yule ni mtani wangu. Tangu tujuane sijamwambia neno la kweli hata moja, wala yeye hajaniambia. Nikianza leo atacheka mpaka kofia imdondoke."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alijaribu. Kesho yake mkuu alipopita, Anton alimwambia, "Mwalimu, mimi sitaki kuondoka," na mkuu akajibu, "Nani atakutaka Morogoro, kweli, hata treni itakutapika," akaenda zake akicheka, ameridhika kabisa na asubuhi yake. Anton akabaki na kikombe cha chai kisichonywewa. Mimi nilitaka kumkimbilia mkuu nimweleze, lakini Anton akanishika kiwiko. Hakutaka kuombewa na mwanachuo. Alikuwa na kiburi chake, na tumbo lote lile lilikuwa limejaa hicho tu.

Siku ya kuvunja ilipangwa Jumamosi, kazi ya kujitolea, wanachuo na wanakijiji pamoja. Na hapo ndipo Mwalimu Kashindye alipofanya kosa ambalo Mnyamwezi tu angeweza kulifanya. Alikuwa mtu wa adabu. Aliona si vizuri kuvunja nyumba iliyosimama miaka mingi bila kuiaga, hivyo akaalika wazee wa vijiji vya jirani, akamwalika Mzee Laxmidas kwa ajili ya ile rangi, akaagiza mikeka itandikwe uani, ngoma ziletwe, na Anton apike masufuria makubwa ya wali na maharage kwa watu wote. Watu wakaja taratibu, wanawake wakaketi mikekani, wazee wakavua kofia langoni. Wakasemezana kwa sauti za chini jinsi jumba lilivyokuwa. Mtu yeyote aliyelelewa Unyamwezini angeingia pale akatazama mara moja na kuuliza nani amefariki. Mkuu peke yake hakuona. Alikuwa anatafuta karatasi ya hotuba.

Alipomaliza kusoma, akawaita vijana wenye sururu waanzie langoni. Wakainuka. Ndipo jikoni kukasikika kelele za mtu anayelia kwa sauti kuu, kilio kile cha kufiwa, na Anton akatoka.

Kichwani amevaa sufuria la kupikia uji, limesimama wima. Kwa mbele amejifunga kanga ya kijani mpaka shingoni, nyuma aproni nyeupe. Alitembea polepole sana, ametunisha tumbo, mikono imepinda pembeni mfano wa matao, akafika langoni akajibandika kwenye mlango wa nakshi. Akagonga sufuria kwa mwiko: ngang, ngang. Kengele ya mnara ilikuwa na mlio uleule wa kupasuka.

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Mzee mmoja wa kijijini akajipiga mapaja, "Jumba! Huyu ni jumba!" Mzee Laxmidas aliona kanga ile inaishia ubavuni, akaelewa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Marehemu anaongea!" Anton akasema kwa sauti nzito ya kukwaruza, kama bawaba. "Nani amekuja kunizika, na mtani wangu hajapewa haki yake?"

Vijana wakashusha sururu. Mkuu angekuwa Mchaga au Mhaya angemwita mlinzi. Lakini alikuwa Mnyamwezi, mbele ya wazee Wanyamwezi, na mtani ameziba mlango. Akavuta kiti, akaketi, kwa sababu mfiwa lazima aketi.

Anton akaigiza marehemu. Sijaona tena kitu kama kile, na nimeona michezo ya kuigiza mingi ya shule, Mungu anisamehe. Alikuwa mfanyabiashara wa Pwani anayepima pembe huku anasoma tasbihi. Alikuwa Mjerumani anayechungulia paa linalovuja na tone linamwingia jichoni. Akawa mwalimu wa Kiingereza anayefukuza mbuzi kwenye veranda bila kukiweka kikombe chini, na hapo wanawake walilala mikekani kwa kicheko. Akatuigiza na sisi, wanachuo wa uhuru, tunavyopaka rangi mpaka ndoo tupu, tukaitazama ndoo, tukaendelea kupaka kwa brashi kavu.

Kisha akaenda kwenye mlango wa kile chumba kisicho na dirisha. Akavua sufuria kichwani. Akaketi chini mbele ya mlango, akanyamaza. Mtoto mchanga alilia, mama yake akamnyonyesha.

"Hapa jumba halina la kuigiza," akasema kwa sauti yake mwenyewe.

Akainuka, akachukua gogo la kuni, akaliweka begani, akatoka nje ya lango. Akaingia tena akiwa amepinda chini ya gogo, miguu imechoka, jasho la kweli linamtoka. Alifika katikati ya ua, akalitua gogo kwa uangalifu, akashika bega, akanyoosha mgongo, akatazama vyumba vyote kwa zamu kama mtu anayetafuta mahali pa kulala. Hakuna aliyehitaji kuambiwa huyo alikuwa nani. Mkuu aliinama akashika paji la uso.

"Mpagazi," Anton akamwambia, tena kwa sauti ile ya bawaba, "babu yako aliutua mzigo wake hapa, kwenye ua huu. Ukishanivunja, mjukuu wako utamwonyesha nini? Bwalo?"

Wazee wakaguna. Mkuu alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anajua wajibu wake.

"Mtani," akasema, "taja haki yako upishe. Nikupe jogoo?"

"Sitaki jogoo."

"Koti langu hili."

"Halinitoshi, na lina harufu ya michembe, vile viazi vyenu vikavu." Watu wakacheka. Anton akalala chini langoni, chali, kanga ya kijani juu ya tumbo, akakunja mikono. Watu wakacheka zaidi, wakingoja. Akatazama juu kwenye vigae, akasema, "Nataka nisifukuzwe. Sina kwetu pengine. Kwetu ni hapa."

Wakacheka. Bila shaka walicheka, alikuwa mtani, amelala chini na sufuria pembeni. Ngoma moja hata ikapigwa. Nilisimama nikitaka kupiga kelele, nikakumbuka alivyonishika kiwiko.

Anton hakuinuka. "Sitanii," akasema, na watu wakacheka tena, kicheko kifupi safari hii, kisichokuwa na uhakika. "Mwalimu, sitanii. Sijui namna ya kulisema bila kulala chini. Nakuomba."

Mkuu alisimama, akamwendea, akachuchumaa karibu naye na suti yake ya kijivu kwenye vumbi, akamtazama usoni kwa muda. Nadhani alikuwa anakumbuka asubuhi ile aliyomwambia treni itamtapika. Niliona anatafuta maneno mazuri, ya heshima, maneno ya mkuu wa chuo, na niliona anayaacha.

"Mluguru mpumbavu," akasema. "Hata kufa hujui. Nani alikwambia msiba hulaliwa chali mlangoni, watu wana njaa? Ondoka, unatuzibia chakula."

"Na marehemu?"

"Marehemu gani? Wewe umeona maiti inapiga kengele?" Akamshika mkono akamwinua, na kwa uzito ule haikuwa kazi ndogo. Kisha akatugeukia sisi. "Hakuna kinachovunjwa. Na yeye haendi popote. Nitazungumza na bodi. Bwalo tutajenga kule bondeni kwa matofali yetu wenyewe. Jumatatu mnaanza kufyatua."

Wazee na wanawake walishangilia. Sisi wanachuo tulishangilia kidogo, tukapiga hesabu ya matofali, tukaacha. Tulifyatua kiangazi chote. Tulikanyaga tope, tukabeba maji, tukapanga tanuri, tukalichoma, tanuri la kwanza likabomoka tukaanza tena. Mikono yangu ilitoka malengelenge juu ya malengelenge, na mpaka leo nikipita kwenye bwalo lile naangalia ukuta wa kusini kwa chuki. Lakini lilisimama, na vijana wa nchi huru walilijenga bila kubomoa kitu. Anton alipika huko miaka yote iliyombakia, akilalamikia jiko la kisasa, na jioni alirudi kulala penye joto lake. Alipofariki, miaka ya sabini mwishoni, tulimzika sisi, na tulipoziba mlango wa chumba chake hapakuwa na Mluguru wa kumdai haki, tukadaiana wenyewe kwa wenyewe mpaka saa kumi.

Lakini nataka kurudi kwenye chakula cha siku ile, kwa sababu watu wakisimulia kisa hiki huishia kwenye shangwe.

Tuliketi mikekani uani, sururu zimeegeshwa ukutani. Anton mwenyewe alimpakulia mkuu wa kwanza, wali mlima, maharage juu yake, akasimama pembeni na aproni yake anangoja. Alikuwa amerudi kuwa Anton, kifua mbele. Mkuu akala tonge la kwanza. Mimi nikala langu.

Maharage yalikuwa hayana chumvi. Hata punje. Wali vilevile. Mtu aliyelisha chuo tangu wakati wa Mwingereza, aliyejisifu mbele ya kila mgeni kwamba mkono wake haujawahi kukosea, alikuwa amepika masufuria yote yale alfajiri bila kujua anachofanya. Tulitazamana. Mzee Laxmidas aliacha kutafuna. Sote tukamgeukia mkuu, maana tusi la namna hiyo halipatikani mara mbili maishani, na Anton alikuwa amesimama pale, mtani wake, hajui kitu.

Mwalimu Kashindye alimeza. Akatazama sahani yake, kisha akamtazama Anton, akainama akala mpaka wali ukaisha, akafuta sahani kwa kidole, akaomba aongezewe.